Utando wa dirisha waamua kipato cha paneli za jua

Taarifa za kampuni za umeme wa jua hutaja mara kwa mara "tabaka la dirisha". Huu ni utando wa nusukipitishi ulio upande wa mbele wa seli. Kazi yake ni kupitisha mwanga hadi tabaka la nyuma, ambalo huugeuza kuwa umeme. Mwanga unaonaswa na dirisha ni hasara tupu.

Kwa miaka mingi seli za kadimiamu teluraidi zilitumia dirisha la kadimiamu salfaidi. Utando huo ni wa manjano, kwa hiyo hunasa mwanga wa buluu na zambarau. Dawa rahisi ni kuupunguza unene, na hapo ndipo taabu huanza. Ukishuka chini ya nanomita 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), hutokea vitundu, tabaka la nyuma likagusana na la mbele na umeme ukavuja. Ni hesabu ya mtengeneza mifuko anayebana malighafi hadi mifuko ikaanza kuchanika mikononi mwa wateja.

Wataalamu walitandaza kwanza oksidi ya bati yenye ukinzani mkubwa mbele ya dirisha, ili kitundu kikitokea uvujaji uwe mdogo. Baadaye watafiti waligeukia oksidi ya magnesi na zinki, ambayo hupitisha karibu mwanga wote unaoonekana.

Ufanisi umepanda kutoka asilimia 15.8 katika Chuo Kikuu cha South Florida mwaka 1993 hadi asilimia 22.1 katika kampuni ya First Solar ya Marekani mwaka 2016. Si dirisha peke yake. Seleni iliyoongezwa kwenye tabaka la nyuma nayo ilichangia sana.

Mwenye hisa asilewe na tarakimu hizo. Rekodi hupimwa kwenye kiseli kidogo cha maabara, ilhali kinachouzwa ni paneli nzima, ambayo ufanisi wake huwa chini zaidi. Hisa za First Solar ziliingia sokoni mwaka 2006 kwa dola 20, zikapita dola 300 mwaka 2008, kisha zikaanguka chini ya dola 15 mwaka 2012, baada ya paneli rahisi za silikoni kutoka China kufurika sokoni. Utando haukuwa umeharibika. Bei ndiyo iliyobadilika.

Kwa waagizaji: paneli nyingi za madukani ni za silikoni, na hazina dirisha la aina hii.