Picha ya Mechi ya Stade Lumumba ni Mali ya Nani?

Jumamosi jioni, jenereta ikiwa na mafuta, kumbi za video za Mangobo na Kabondo, hapa Kisangani, hujaa vijana wanaotazama Arsenal au Real Madrid. Saa hizohizo klabu yetu ya Malekesa au Nika inaweza kuwa uwanjani Stade Lumumba, na shabiki wa Lubunga, ng'ambo ya mto, hana namna ya kuiona. Anategemea redio, au ndugu ampigie simu kumwambia nani kafunga.

Chanzo ni haki za matangazo: ruhusa ya kuingiza kamera uwanjani na kuuza picha. Ruhusa hiyo iko mikononi mwa mwenye mashindano. Kwetu Kongo ligi kuu ni ya Linafoot, na mashindano ya Afrika ni ya CAF. Mnunuzi hulipa zaidi akihakikishiwa kwamba yeye peke yake ndiye atakayeonyesha, na kwamba ratiba itafuatwa. Hapo pa ratiba ndipo tunapojiumiza. Msimu wa Linafoot wa 2022–2023 ulivunjika bila bingwa. Ligi ya namna hiyo, mnunuzi atainunuaje kwa bei nzuri?

Tutazame kwa jirani. Mwaka 2021 Azam Media ilikubaliana na shirikisho la soka la Tanzania kulipa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 ili kuonyesha ligi kuu. Mwaka huohuo mchezaji wetu Fiston Mayele aliondoka AS Vita ya Kinshasa kwenda Yanga ya Tanzania, na 2023 Maxi Nzengeli akatoka Maniema Union, klabu ya Kindu, akaenda palepale Yanga. Fedha za televisheni si sababu pekee ya safari hizo. Lakini kijana anayecheza mbele ya kamera kila wiki huonekana na wanunuzi wa Cairo na Casablanca. Wa Kisangani anaonwa na waliolipa kiingilio tu.

Hata hivyo, kumtegemea mnunuzi mmoja kuna hatari yake. Kenya iliionja mwaka 2017, televisheni ya SuperSport ilipojitoa katika kuonyesha ligi yao kufuatia mvutano kuhusu kuongeza timu za ligi, na klabu zikabaki na mapengo katika bajeti.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi uko mbali, katika besiboli ya Marekani. Huko kila timu iliuza mechi zake nyingi kwa chaneli ya eneo lake, na chaneli ikalipwa na kila nyumba yenye televisheni ya kebo, hata ya mtu asiyejali besiboli. Watu walipoanza kuacha kebo na kuhamia intaneti, mapato yakaporomoka. Machi 2023 kampuni ya Diamond Sports Group, iliyoshika mechi za timu 14 kati ya 30, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kuelemewa na madeni. Mwisho wa Mei iliacha kuilipa timu ya San Diego Padres. Ligi yenyewe ikachukua kazi: ikapeleka mafundi na kamera, na mechi zikaendelea kuonekana bila pengo. Tena mkazi wa San Diego, ambaye zamani alizuiwa kutazama timu ya mji wake kwenye huduma ya intaneti ya ligi, akaruhusiwa kuilipia. Mikataba ya kitaifa ya besiboli itakwisha 2028, na uongozi wa ligi unataka baada ya hapo kuuza mechi za timu zote kwa pamoja.

San Diego ilinusurika kwa sababu ligi iliweza kutengeneza picha yenyewe. Sisi uwezo huo hatuna, na soko la wanunuzi linazidi kuwa finyu: Septemba 2025 Canal+ ilikamilisha kuinunua MultiChoice, mwenye DStv. Milango miwili ya kubisha imekuwa mmoja.

Gari kubwa la matangazo halitatoka Kinshasa kwa barabara likawahi mechi ya Kisangani. Vifaa vitapanda ndege au boti, na gharama itameza faida. Kwa hiyo naona njia iliyo wazi ni vifaa vyepesi vinavyobaki hapahapa mjini: kamera tatu, meza ya kuchanganyia picha, jenereta ya akiba na vijana waliofunzwa kazi. Mechi kubwa ziuzwe kwa televisheni za nje. Zilizobaki zionyeshwe bure na chaneli za jimbo letu la Tshopo, au shabiki alipie mechi mojamoja kwa simu, kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money.

Viongozi wa Malekesa, Nika na Makiso, mkataba mpya wa televisheni ukiletwa mezani, ulizeni mambo matatu kabla ya kalamu kugusa karatasi: kamera zitafika Stade Lumumba mara ngapi kwa msimu, mnunuzi akishindwa kulipa haki zinarudi kwa nani, na mechi asizozionyesha nani anaruhusiwa kuzionyesha. Majibu yasipoandikwa ndani ya mkataba, msisaini.