Askari wa Kibanga: nani walilinda maboma ya ziwa letu?

Ukitoka Lweba na kushuka barabara mpaka Baraka, ziwa linakuwa mkono wa kushoto, na mbele yako unaona milima ya Ubwari. Yale maji yaliyo kati ya Ubwari na Baraka, Wazungu waliyaita Ghuba ya Burton, kwa jina la Richard Burton, Mwingereza aliyefika kwenye ziwa hili mwaka wa 1858 pamoja na John Speke. Wakati ule kule Uingereza alitawala malkia Victoria. Alikaa kwenye kiti mpaka 1901, na ndani ya miaka ile ile maboma ya kwanza ya Wazungu yalijengwa kwenye pwani ya Tanganyika.

Moja la maboma hayo lilikuwa hapa hapa kwetu, Kibanga. Watoto wetu shuleni wanafundishwa juu ya Stanley na Livingstone, lakini Kibanga wengi hawaijui.

Boma la mapadri

Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walitumwa na kardinali Lavigerie. Walianza kwanza Rumonge, ng'ambo ya ziwa, kwenye nchi ya Burundi. Mwaka wa 1881 watatu kati yao waliuawa pale. Walikuwa pia na misioni upande wetu, katika nchi ya Masanze, na katika barua zao wanaiita Mulweba. Mtu wa hapa akisoma jina hilo, lazima asimame kidogo. Mwaka wa 1883 wakahamia Kibanga, kwenye ghuba, wakapaita Lavigerieville.

Haikuwa misioni sawa na tunazozijua leo. Ilikuwa na ukuta na bunduki, juu zile zilikuwa siku za biashara ya watumwa. Ng'ambo ya ziwa, Ujiji, alikaa Rumaliza, jina lake la kweli Muhammad bin Khalfan, mtu wa ukoo wa Barwani kutoka Lindi. Watu wake walivuka na mitumbwi kutafuta pembe na watu. Mapadri nao walinunua watoto waliokamatwa, wakawaweka ndani ya ukuta, wakawafundisha dini na kazi. Watoto wale wakakua, wakaoa, wakafanya vijiji kando ya misioni.

Mzungu aliyewapanga walinzi alikuwa Ludovic Joubert, Mfaransa. Kabla ya kuja Afrika alikuwa askari wa Papa. Alipigana Italia katika vita vya Castelfidardo mwaka wa 1860, akaumizwa. Papa alipopoteza Roma mwaka wa 1870, jeshi lile likavunjwa, na Lavigerie akachukua baadhi ya askari wake ili walinde mapadri. Joubert alilinda misioni za upande wetu kwanza. Baadaye, mwaka wa 1887, akaenda Mpala, kusini ya Kalemie. Hakurudi tena kwao. Alioa mwanamke wa hapa, Agnes, akazaa watoto, akafa karibu na Moba mwaka wa 1927.

Kibanga yenyewe haikudumu. Homa na magonjwa mengine yaliwashinda, na mwaka wa 1893 mapadri wakaiacha na kwenda Baudouinville, ndiyo Moba ya leo.

Lakini nani alisimama mlangoni usiku?

Joubert alikuwa mtu mmoja, na mtu mmoja halindi ukuta. Walinzi walitoka sehemu tatu. Wa kwanza ni Wangwana, watu wa Unguja na pwani walioandikishwa kule kwa mshahara kuwa askari na wapagazi. Wa pili ni rugaruga, vijana wa vita wa Unyamwezi. Wa tatu ni wenyeji, na pamoja nao wale vijana waliokombolewa utumwani.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vinaliruka. Upande wa Rumaliza nako, wabeba bunduki wengi walikuwa Wangwana na watu wa Manyema. Kwa hiyo vita tunavyoviita vya Waarabu na Wazungu, vilipiganwa zaidi na watu weusi kwa watu weusi. Familia moja inaweza kuwa na babu wawili, mmoja ndani ya ukuta na mwingine nje.

Alama yao kubwa iko mdomoni mwetu. Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana, lugha ya Wangwana. Wapagazi, askari na wachuuzi ndio walioileta mpaka huku, kabla ya shule na kabla ya serkali.

Kwa nini majina yana maana

Mtu anaweza kuuliza: mambo ya zamani hivi yatatusaidia nini? Jibu tulipate Mpala. Boma la Mpala lilianzishwa mwaka wa 1883 na Émile Storms, afisa Mbelgiji. Mwezi wa 12 mwaka wa 1884 askari wake walimshambulia chifu Lusinga wa Batabwa, wakamuua, wakamletea Storms kichwa. Storms alirudi Ubelgiji na fuvu hilo, pamoja na mafuvu ya machifu wengine wawili. Mwaka wa 2018 mwandishi wa habari wa Ubelgiji alionyesha kwamba fuvu la Lusinga lingali limewekwa Brussels, katika taasisi ya sayansi za asili. Kelele zikaanza. Mwaka wa 2022 sanamu ya Storms iliondolewa kwenye uwanja mmoja wa Brussels.

Mabaki ya mtu yakitakiwa kurudi, swali la kwanza ni hili: yarudi kwa nani? Kisha: ukoo gani, kijiji gani, kaburi liwe wapi? Hapo hadithi ya wazee inageuka kuwa ushuhuda. Ukoo ambao haujaandika historia yake utasubiri wengine waiseme kwa niaba yake.

Pa kutafuta

Kwenye karatasi, mlango wa kwanza ni Roma. Kila misioni ya Mapadri Weupe iliandika kitabu cha kila siku: nani amefika, nani amekufa, nani amevamia. Vitabu hivyo viko katika nyaraka zao kule. Karatasi za Storms ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mtu wa Lweba anaweza kuanza na padri wa parokia yake, au na mwalimu wa chuo kikuu anayejua kuandika barua ya kuomba nakala.

Ukizisoma, ujue macho ni ya mwandishi. Padri anaandika "Mwarabu" kwa mtu yeyote mwenye kanzu na bunduki, na "watu wetu" bila kuwataja majina.

Mlango wa pili ni nyumbani. Usimuulize mzee "boma lilijengwa mwaka gani?" Mwaka hakuuhesabu. Muulize babu yake alizaliwa wapi, aliitwa nani, alikuja huku akifuata nani. Muulize ni miembe gani iliyo ya zamani na nani aliipanda, juu Wangwana walipanda miembe mahali walipokaa. Muulize makaburi ambayo watu hawalimi juu yake. Babembe, Basanze, Babwari na Bazoba, kila mmoja ana upande wake wa habari, na inafaa kuwasikia wote.

Rekodi sauti kwa simu, sema tarehe na jina la kijiji mwanzoni, na weka nakala mbili kwa watu wawili. Hapa Fizi vita vimetuhamisha mara nyingi, na karatasi zimeungua pamoja na nyumba. Anza na mzee aliye mkubwa kuliko wote kwenu, wiki hii.