Mgeni wa Usiku Kwenye Mpapai

Akina mama wengi tukimwona kiwavi mnene mwenye pembe mkiani juu ya majani ya viazi vitamu, hatuulizi maswali. Tunamtoa na kumponda. Na usiku, nondo akiingia ndani na kuanza kuizunguka taa, tunamfukuza kwa kanga kabla hajawashtua watoto. Nondo tunamjua kama mharibifu wa nguo sandukuni. Hata Maandiko Matakatifu yanamtaja pamoja na kutu.

Lakini je, mama, unajua kwamba kiwavi yule na nondo yule huenda ni mdudu mmoja? Na unajua kwamba mpapai ulio nyuma ya jiko lako unamhitaji ili uzae? Hebu tumtazame mdudu huyu kwa karibu, pamoja na ndugu yake kipepeo, na msitu wa milimani unaowatunza wote wawili.

NDUGU WAWILI

Kipepeo na nondo ni ndugu. Kipepeo huruka mchana, na papasi zake zina kifundo kidogo kwenye ncha. Nondo wengi huruka usiku, na papasi zao ni kama uzi au unyoya. Wote hupitia hatua nne: yai, kiwavi, pupa, kisha mdudu kamili mwenye mabawa.

Kiwavi ana kazi moja tu, nayo ni kula. Akishapata mabawa, mambo hubadilika. Karibu vipepeo na nondo wote hawana tena meno ya kutafunia. Wana mrija mrefu ambao hukunjwa chini ya kichwa, na hunyooshwa wakati wa kunywa maji matamu yaliyo ndani ya ua. Hata nguo zetu hazitobolewi na nondo anayeruka, bali na viwavi wa aina chache tu wanaopenda sufu na manyoya.

Kipepeo jike hawalishi wanawe wala hawaoni wakikua. Malezi yake yote yamo katika kuchagua jani. Hutua, huonja jani kwa miguu yake, na lisipokuwa lenyewe huondoka. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, kwa mfano, hutafuta mlimau au mchungwa. Watoto wako wakichunguza majani ya mlimau wataona vitu kama kinyesi cha ndege. Wakivigusa, vitatoa pembe mbili nyekundu zenye harufu kali. Hao ndio viwavi wake wachanga.

KAZI YAO MSITUNI

Ili ua lizae tunda au mbegu, ni lazima chavua, yaani ule unga wa ua, ufike kwenye sehemu ya kike ya ua. Katika mahindi, upepo unatosha. Lakini ndani ya msitu mnene wa milimani, kama ule wa Usambara Mashariki mkoani Tanga, upepo ni hafifu, ukungu hulowesha kila kitu, na miti ya aina moja husimama mbalimbali. Hapo mimea mingi hutegemea wadudu, ndege na popo. Nyuki hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini yako maua ambayo nyuki hawezi kuyafikia ndani, kwa sababu ulimi wake ni mfupi.

Chukua lile ua dogo la rangi ya waridi ambalo akina mama wengi hulipanda kwenye makopo barazani, lenye shina la majimaji na mbegu zinazoruka ukiligusa tunda lake. Asili yake ni misitu ya Afrika Mashariki, na leo linapambwa majumbani duniani kote. Ukiligeuza utaona nyuma yake kijipembe chembamba kama sindano. Humo ndimo yalimo maji matamu. Ni kipepeo mwenye mrija mrefu anayeweza kuyafikia, na akiondoka huondoka na chavua.

Maua ya nondo ni tofauti. Mara nyingi ni meupe au ya rangi hafifu, hayana haja ya kujipamba kwa sababu gizani rangi haisaidii. Badala yake hutoa harufu nzuri jua likishazama. Mwaka 1862 mtaalamu Mwingereza Charles Darwin aliandika juu ya okidi moja ya Madagascar yenye mrija wa urefu wa sentimita 30 hivi. Akasema lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kufika humo. Darwin alifariki mwaka 1882 bila kuonyeshwa nondo huyo. Mwaka 1903 wataalamu wawili walimweleza nondo wa kisiwa hicho ambaye ulimi wake ulilingana na ua lile.

MPAPAI UNAMSUBIRI NANI?

Sasa turudi nyumbani. Mipapai mingi tunayopanda kwa mbegu iko ya aina mbili. Mpapai dume hutoa maua mengi madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Mpapai jike hutoa maua makubwa zaidi, yaliyokaa karibu na shina, na huo ndio unaozaa. Wengi wetu tukishaona dume tunachukua panga. "Huu hauzai, unakula mbolea bure," tunasema. Tukikata madume yote, tunashangaa majike yakidondosha maua.

Chavua ni lazima itoke kwa dume ifike kwa jike. Nani anaibeba? Mtaalamu wa wadudu wa Kenya, Dino Martins, pamoja na mwenzake Steven Johnson, walichunguza jambo hili katika mashamba ya mipapai nchini Kenya na kutoa matokeo yao mwaka 2009. Walikuta wabebaji wakuu ni nondo wenye mwili mnene, wanaoruka kwa kasi na kuelea hewani mbele ya ua, hata mtu akadhani ni ndege mdogo. Huja wakati wa magharibi, giza linapoingia. Ua la dume lina maji matamu ya kumlipa mgeni. Ua la jike halina kitu. Nondo hulitembelea kwa kudanganyika tu, kwa muda mfupi sana, na papo hapo kazi inakuwa imefanyika. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine kubwa: umbali kati ya shamba na uoto wa asili, na hali ya uoto huo, vinaathiri kazi ya nondo kwenye mipapai. Mpapai wenyewe hauwezi kuwalea. Nondo wanahitaji majani ya kulisha viwavi wao, na maua mengine ya kunywa wakati mipapai haijachanua. Vyote hivyo viko msituni, vichakani na kando ya mito.

Na miongoni mwa nondo hao yumo yule ambaye kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Unapochimba viazi hukutana na pupa wake udongoni, wa rangi ya kahawia, mwenye kitu kilichopinda kama mkono wa jagi. Kile ni ala ya ulimi wake mrefu.

WANAWAKE WA AMANI

Kwa muda mrefu watu walioishi kando ya misitu ya Usambara Mashariki waliambiwa wasikate miti, lakini hawakuambiwa watakula nini. Msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Miaka michache baadaye ulianza mradi wa kufuga vipepeo katika vijiji vya jirani, na wanawake wengi walijiunga. Mfugaji hujenga kibanda cha neti, hukamata vipepeo wachache wa kuzalisha, na hupanda miti ambayo viwavi hula. Pupa waliuzwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Kwa fedha hizo akina mama walinunua sare za shule na kutengeneza nyumba, na sehemu ilikwenda kwenye mfuko wa kijiji.

Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakahesabiwa humo. Pigo hilo liliwauma wafugaji. Linatufundisha kwamba si busara kuweka tegemeo lote kwenye soko moja la mbali. Hata hivyo elimu haikufungiwa: mama aliyefuga vipepeo anajua ni mti gani unalisha kiwavi gani, na kwamba mti ukikatwa, kipepeo wake naye hayupo.

Na msitu hauwafai walio jirani tu. Mto Zigi, unaotoka katika milima hiyo, ndio unaowapa maji wakazi wa jiji la Tanga. Mimea inayoshikilia udongo na ukungu kule juu haina budi kuzaa mbegu ili iendelee kuwapo. Kwa hiyo hata mama anayefungua bomba mjini ana deni kwa nyuki, kipepeo na nondo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, usikate mipapai dume yote. Bakiza mmoja kwa kila majike kumi hivi.

Pili, viwavi wakizidi kwenye viazi, waokote kwa mkono mapema kabla ya kukimbilia dawa. Wakiwa wachache, waache. Viazi hustahimili kupoteza majani machache.

Tatu, kama ni lazima kupiga dawa, usipige kwenye maua, wala jioni nondo wanapoanza kutoka.

Nne, acha ukanda wa miti ya asili na vichaka kando ya kijito au mpaka wa shamba. Usafi wa shamba si kufyeka kila kitu.

Tano, wafundishe watoto. Jioni moja wapeleke karibu na mpapai dume uliochanua, wakae kimya, wasiwashe tochi. Wakimwona mgeni akielea mbele ya ua, waeleze anafanya nini pale, na papai wanalokula asubuhi limetoka wapi.