Kabla ya kumaliza deni la fundi, omba akuonyeshe presha ya mafuta

Kwa jamaa nyingi, gari ni shamba la pili. Ndilo linapeleka maharagwe na samaki sokoni, ndilo linaleta feza ya masomo ya watoto. Moteri ikikufa, mama anauza mbuzi, anachukua feza ya likelemba, na fundi anafungua moteri yote na kuijenga upya. Siku ya kurudisha gari, fundi anawasha, moteri inalia vizuri, taa nyekundu ya mafuta inazimika, na mama anaombwa kulipa feza iliyobaki.

Wamama, tusikimbilie kulipa. Taa kuzimika haitoshi.

Taa inasema kidogo tu

Katika magari mengi, taa ile inazimika presha ya mafuta ikipita kidogo bar 0.3 au 0.5. Hiyo ni presha ndogo sana. Moteri yenye presha ya namna hiyo wakati inakimbia na mzigo mlimani inajikwangua ndani, na taa haitasema neno. Mtoto asiyelia anaweza kuwa na homa. Ndiyo maana tunampima.

Presha inatoka wapi?

Fungua robine, kisha ziba mdomo wake nusu kwa kidole: maji yanaruka kwa nguvu. Ndivyo ilivyo ndani ya moteri. Pompi inasukuma mafuta, nayo yanapita katika nafasi nyembamba sana, kati ya chuma kikubwa kinachozunguka na vikombe vyake ambavyo mafundi wanaviita kusine. Nafasi hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Ikiwa pana, mafuta yanatoroka na presha inaanguka. Kwa hiyo, ukipima presha unapima kazi ya fundi mahali ambapo macho yako hayafiki.

Namna ya kupima

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fundi anatia mafuta mapya na filtri mpya, kisha anazungusha moteri kwa demareri bila kuiacha iwake, mpaka mafuta yafike juu. Ikishawaka, taa izimike katika sekunde chache. Isipozimika, azime mara moja.

Halafu anafungua kidude kinachowasha taa na kufunga manometa mahali pake. Manometa ni saa yenye mshale, kama ile ya kupimia hewa ya magurudumu. Asome mara mbili: moteri ikiwa baridi, na tena ikishapata moto sawasawa. Mafuta baridi ni mazito, kwa hiyo presha ya asubuhi inadanganya kwa uzuri. Kipimo cha kweli ni cha moto.

Kwa moteri nyingi za Toyota, ikiwa moto na bila kukanyaga, presha isipungue bar 0.3. Kwa mizunguko 3000 kwa dakika, iwe kati ya bar 2.5 na 5. Moteri iliyojengwa upya haifai kugusa ule mpaka wa chini. Kila moteri ina kitabu chake, na kitabu ndicho chenye neno la mwisho.

Ikiwa presha ni ndogo

Uliza kwa upole: Je, kusine ni za kipimo kinachofaa chuma kilichokwanguliwa? Pompi ya zamani ilipimwa ao ilirudishwa tu? Gundi ya kufungia karteri haikuziba kichujio cha pompi? Mafuta ni ya namna gani, na hayakuchanganyika na esansi ao mazutu? Fundi asijibu kwa kutia mafuta mazito zaidi ili mshale upande. Hiyo ni kufunika kidonda bila kukiosha.

Presha kubwa kupita kiasi wakati moteri ni moto nayo si baraka. Pengine vali inayopunguza presha imekwama.

Mambo matatu ya kupatana

Kwanza, tangu siku ya kupeleka gari garaji, patana kwamba sehemu ya mwisho ya feza italipwa baada ya kupima moteri ikiwa moto. Fundi mzuri hatakasirika.

Pili, andika vipimo kwenye risiti pamoja na tarehe. Baada ya miezi, mtapima tena na kulinganisha.

Tatu, mafuta ya kwanza yabadilishwe mapema, kabla ya kilometa 1000, na filtri ifunguliwe. Vipande vinavyong'aa kama magamba ya samaki vinaonyesha kwamba kusine zinaliwa.

Na mwambieni shoferi: taa nyekundu ikiwaka njiani, asimame hapohapo na kuzima moteri, hata kama soko liko karibu. Aangalie kijiti cha mafuta. Mafuta yakiwa ya kutosha na taa bado inawaka, gari livutwe. Kamba ya kuvuta ni bei ndogo. Moteri ya pili ni mbuzi wengine, na likelemba nyingine.