Gita la besi la bei ndogo na sauti yake kanisani

Katika kwaya, maneno ndiyo ya kwanza. Besi hukaa chini yake kama msingi wa nyumba. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya liturjia ya mwaka 1963, uliruhusu vyombo vingine mbali na kinanda, mradi vifae matumizi matakatifu na mamlaka ya Kanisa ikubali. Lakini besi inayonguruma hata Zaburi isisikike, yafaa nini? Twasikia vijana wakililaumu gita lao na kuomba michango ya waamini wanunue jingine. Twawashauri kwanza walifungue.

Chini ya nyuzi pana kinasa-sauti, ambacho kwa Kifaransa chaitwa micro: sumaku, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika, umeme mdogo huzaliwa katika waya ule. Aina iliyoenea sana yafuata mfano wa Fender wa Marekani wa mwaka 1957: vipande viwili, kila kimoja chini ya nyuzi mbili. Sumaku zake zaelekea kinyume, na waya zake pia, hivyo mngurumo wa umeme wa nyumba hujifuta wenyewe. Mtu akigeuza waya za kipande kimoja, nyuzi zalia kama kawaida, ila mngurumo hurudi. Wengi hudhani ndipo kinasa-sauti kimekufa!

Kwa desturi vipande hivyo vimeungwa kwa mfululizo. Kama kila kimoja kina omu 5.000, jumla ni 10.000, na sauti ni nene yenye nguvu. Vikiungwa sambamba zabaki omu 2.500, nguvu hupungua, lakini kila noti husikika wazi zaidi. Swichi ndogo yenye miguu sita yatosha kuchagua kati ya njia hizo mbili. Kwa Misa sisi twapenda sambamba. Kwa sikukuu uwanjani, mfululizo.

Yako pia mambo ya kapasita, kile kidude kilicholehemiwa kwenye kifungo cha toni. Kazi yake ni kuipeleka sauti nyembamba ardhini. Kilichoandikwa 473 ndicho cha kawaida, maana yake mikrofaradi 0,047. Kile cha 104 huzima zaidi, nacho cha 223 huacha mwanga mwingi. Kifungo kikifunguliwa chote, tofauti yao ni ndogo mno. Msidanganywe na wauzaji wanaosifu kapasita za bei kubwa.

Kabla ya kulehemu, chomoeni waya wa kikuza sauti, choreni kwenye karatasi kila waya ulipokuwa, na mkimaliza nawisheni mikono watoto wanaosaidia, kwa kuwa lehemu nyingi zina risasi. Waya uingiao chini ya kile chuma kinachoshika nyuzi msiukate: huo ndio unyamazishao mngurumo mpigaji agusapo nyuzi.