Mwalimu, Msalimu Mtoto kwa Jina Lake

Katika shule nyingi za nchi yetu, mwalimu aingiapo darasani watoto wote husimama. Mwalimu husema, "Hamjambo, watoto?" nao huitikia kwa sauti moja, "Hatujambo, mwalimu!" kisha hukaa na masomo huanza. Desturi hiyo ni njema, wala sisemi iachwe. Lakini anayeitikia hapo ni darasa, si mtoto. Aliyelala na njaa na mwenye homa hupaza sauti pamoja na wenzao ya kwamba hawajambo. Bali mtoto mmoja akiitwa kwa jina na kuulizwa, "Hujambo?" hana budi kujibu mwenyewe, huku mwalimu akimtazama usoni.

Karo ilipofutwa katika shule za msingi za Serikali mwaka 2003, mimi nilikuwa mwanafunzi, na darasa letu likajaa hata tukakaa wanne katika dawati moja. Mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha mwaka mzima asilijue jina langu. Kwake nilikuwa "wewe wa nyuma". Mwingine alisimama mlangoni kila asubuhi, akitusalimu mmoja mmoja. Siku moja nilisema, "Sijambo," kwa sauti hafifu, akaniweka kando na kuniuliza habari za nyumbani. Mama alikuwa mgonjwa siku ya tatu, nami nilikuwa sijamwambia mtu. Tangu siku hiyo sikuthubutu kufanya utundu katika somo lake. (Hesabu siipendi mpaka leo, na makarani wenzangu wanajua.)

Huenda msomaji akadhani hayo ni mambo ya huruma tu. Huko Marekani wataalamu wawili, Allday na Pakurar, walieleza mwaka 2007 habari za wanafunzi watatu wasiotulia kazini. Walimu walipoanza kuwasalimu mlangoni kwa majina, muda wao wa kushughulika na kazi mwanzoni mwa somo ulipanda toka 45 hadi 72 kwa mia. Watatu ni wachache, kweli. Lakini mwaka 2018 wataalamu wengine wa huko walichunguza madarasa kumi, wakaona bidii imezidi na fujo imepungua.

Walimu watauliza, watoto sitini, wakati uko wapi? Lakini watoto sitini hupita mlangoni hata mwalimu asiposema neno. Kazi ngumu ni kuyajua majina. Yule mwalimu wetu alichora madawati yote katika karatasi, akaandika jina la kila mmoja mahali pake, akaibandika ndani ya daftari la mahudhurio. Ilimchukua karibu muhula mzima, na mapacha wa dawati la mbele aliwakosea mpaka walipomaliza darasa la nane.