Sauti za Wazee Wetu Zilizomo Ndani ya Kaseti

Wapo wapenzi wa vyombo vya sauti vya zamani ambao hadi leo huzitunza mashine za miaka ya 1970 zenye spika nne. Spika mbili huwekwa mbele ya msikilizaji na mbili nyuma yake, naye huketi katikati, sauti ikamzunguka kama aliye ndani ya ukumbi wenyewe. Ufundi huo uliitwa kwadrofoniki. Ulipendeza, lakini haukudumu. Kampuni ya CBS ilileta mtindo wake wa SQ, Sansui wakaleta QS, na JVC wakaleta CD-4. Santuri ya mtindo mmoja haikutoa sauti zake nne sawasawa katika mashine ya mtindo mwingine. Wanunuzi wakachanganyikiwa, na muongo huo ulipomalizika soko lake lilikuwa limekufa.

Chombo cha zama zile kilichoingia katika nyumba za watu wa kawaida kilikuwa kingine, nacho ni redio kaseti. Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Utepe wake haufiki upana wa milimita 4, lakini ukirekodiwa kwa stirio hubeba njia nne za sauti, mbili kwa kila upande. Kwadrofoniki ilitaka njia zote nne zisikike kwa pamoja. Kaseti iliridhika na mbili mbili, ikatumia betri kavu, na ikaenea ndani ya mkoba wa msafiri.

Kutoka Pwani hadi Turkana

Sisi watu wa Pwani tunapaswa kukumbuka jambo moja. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwaleta kwetu maelfu ya wakimbizi, wakiwemo Wabarawa, ambao lugha yao ya Chimini ni ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Wengi walikaa Utange na katika kambi nyingine za Pwani. Katikati ya miaka ya 1990 kambi hizo zilifungwa, na baadhi ya wakazi wake wakahamishiwa Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 katika nchi kavu ya Turkana, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar. Kutoka Kakuma wengine walisafirishwa tena hadi Marekani na kwingineko. Hivyo jamaa moja ikagawanyika mabara matatu.

Kabla ya simu za mkononi kuenea, Wasomali walizoea kutumiana kaseti badala ya barua. Kisomali kilipata hati rasmi mwaka 1972 tu, na mama wengi wa makamo hawakuwahi kukaa darasani kujifunza hati hiyo. Kaseti haikumtaka mama ajue kalamu. Alibonyeza kitufe, akasalimu, akataja waliozaliwa na waliofariki, akausia, akalia kidogo, akaomba dua. Aliyeipokea alisikia pumzi yake na sauti ya jogoo uani.

Kwa Wabarawa jambo hili lina uzito zaidi. Mashairi yao ya dini, yaitwayo steenzi, yamehifadhiwa sana na wanawake kwa kuyasoma majumbani. Mmoja wa watunzi wake wakubwa ni mwanamke, Dada Masiti wa Barawa, aliyeishi karne ya 19 hadi mwanzo wa karne ya 20. Jamaa inapotawanyika, watoto hukua kwa lugha nyingine, na sauti ya bibi aliyekuwa akisoma ndiyo huwa kitabu chao cha mwisho.

Joto na vumbi

Lodwar na Kakuma si mahali pa upole kwa utepe. Mara nyingi joto la mchana hupita nyuzi 35, na vumbi halina mlango lisiloingia. Joto la chini ya bati hupinda ganda la plastiki. Vumbi hukwaruza utepe na kuziba kichwa cha mashine. Kaseti za dakika 90 zina utepe mwembamba kuliko za dakika 60, kwa hiyo hukatika upesi zaidi.

Basi, ikiwa kaseti kama hizo zimo katika sanduku la nyumba yenu, fanyeni haya. Zitoeni karibu na paa na mbali na sumaku za spika. Vunjeni vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo nyuma ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kabla ya kuicheza, safisheni kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, na mjaribu kwanza kwa kaseti isiyo na thamani. Sauti ikivutika kama ya mtu mwenye usingizi, huenda betri zimekwisha au mkanda wa mpira umelegea. Mpelekeeni fundi wa redio. Kisha nakilini sauti hiyo katika simu au kompyuta, na nakala ziwe zaidi ya moja.

Wala msianze na kaseti za wasomaji mashuhuri. Kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary kina nakala ulimwenguni kote. Sauti ya bibi yenu ipo moja tu.

Jambo la mwisho ni adabu. Barua ya kaseti ina siri za nyumba: deni, ndoa, ugomvi uliokwisha patanishwa. Hiyo ni amana. Isisambazwe katika makundi ya simu kabla ya kuwaomba ruhusa wenyewe au warithi wao. Iliyo ya kusikilizwa na wote, wakusanyeni watoto muisikilize pamoja, na mwenye umri mkubwa aeleze nani anasema na alikuwa wapi. Redio ya spika moja inatosha. Muhimu ni kwamba yuko aliye hai wa kuitambua sauti ile na kuwafahamisha wadogo ni ya nani.